Muziki wa Nchi ya Shaba: Kuanguka na Kuinuka kwa Roki ya Zambia

Mwezi wa Oktoba mwaka 2024, Tyler, the Creator, msanii wa California ambaye wapenzi wake wengi ni vijana wa karne hii, alitoa wimbo uitwao "Noid"; na ndani ya wimbo huo, juu ya gitaa lenye mlio wa kukwaruza, zikasikika sauti za watu wakiimba kwa Kinyanja, lugha ya mitaa ya Lusaka, ambayo aghalabu ya waliousikiliza duniani hawakuwa wamepata kuisikia hata siku moja. Sauti zile zilikuwa za Ngozi Family, bendi ya Zambia, na wimbo uliochukuliwa ulirekodiwa katika miaka ya 1970. Kiongozi wa bendi hiyo, Paul Ngozi, alifariki dunia mwaka 1989, wakati muziki aliouasisi pamoja na wenziwe ulikuwa umekwisha kuachwa na vijana wa nchi yake mwenyewe. Wala hakujaaliwa kujua kwamba baada ya kizazi kizima kupita, kazi ya mikono yake ingetafutwa kama johari na watu wa mabara ya mbali.

Muziki huo huitwa Zamrock, yaani roki ya Zambia, na jina hilo hunasibishwa na Manasseh Phiri, aliyekuwa mtangazaji wa redio katika siku zile. Ulichanua kwa muda usiozidi miaka kumi, ukafifia kiasi kwamba waliokuwa wakiupiga waliamini umezikwa moja kwa moja, ukalala zaidi ya miaka ishirini, kisha ukaamshwa na wageni pamoja na wajukuu. Watu wengi hudhani kuwa muziki hufa kwa sababu masikio yameuchoka, na kwamba hufufuka kwa sababu masikio yameutamani tena. Historia ya Zamrock yaonyesha kwamba sababu huwa nzito kuliko hizo: muziki hufa pale ambapo riziki, amani na afya za waupigao zimeondoka, na haufufuki ila pale ambapo mtu fulani, popote alipo, alikuwa ameuweka akiba.

Roki yenyewe, tangu ilipozaliwa Marekani katika miaka ya 1950 kutokana na bluzi ya watu weusi na nyimbo za mashamba ya kusini, imetangaziwa kifo karibu katika kila kizazi. Ilitangaziwa kifo Elvis Presley alipoingizwa jeshini mwaka 1958 na Buddy Holly alipoangamia katika ajali ya ndege mwaka uliofuata, na baada ya miaka michache vijana wa Uingereza, wakiongozwa na The Beatles na The Rolling Stones, wakairejesha Marekani ikiwa na nguvu mpya. Ikatangaziwa kifo tena wakati wa disko, na tena kabla ya bendi ya Nirvana kutokea upande wa Seattle na kuitikisa dunia mwaka 1991. Lakini katika nchi zile, roki ilipoanguka, lililoanguka lilikuwa ni soko la mtindo tu: viwanda vya santuri vilibaki, maktaba za sauti zilibaki, mikataba ilibaki katika makabati ya makampuni, na wapigaji wenyewe wengi wao walibaki hai, wakingoja zamu yao irudi. Zambia haikujaaliwa hayo.

Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, ikiwa na bahati ambayo mataifa mengi mapya ya Afrika yaliiangalia kwa kijicho, kwani chini ya ardhi ya Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya mlikuwa na shaba nyingi mno, na dunia iliyokuwa ikitandaza nyaya za umeme na simu ilikuwa tayari kuilipia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Zambia ilichimba takriban tani 700,000 kwa mwaka, na Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ikachukua asilimia 51 ya umiliki wa migodi. Kijana aliyezaliwa kijijini akamfuata baba au kaka yake katika miji ya migodi alikuta humo mishahara, umeme, shule, majumba ya sinema na kumbi za dansi, na fauka ya hayo maduka yauzayo santuri kutoka ng'ambo.

Masikio ya nchi ile yalikuwa yameandaliwa zamani. Tangu mwaka 1949 ilikuwapo redio ndogo ya betri, ya mviringo mfano wa sufuria, iliyouzwa kwa bei nafuu ili Mwafrika wa kawaida aweze kuinunua, na kwa redio hiyo wazazi walizoea kumsikiliza Alick Nkhata, mtangazaji na mwimbaji aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo za wenyeji na kuzipiga kwa gitaa. Walizoea pia rumba iliyovuka mpaka kutoka Kongo. Watoto wao, kwa desturi ya watoto, walitaka kitu ambacho si cha wazazi. Wakakipata kwa Jimi Hendrix, James Brown, The Rolling Stones na Deep Purple, wakaanza kuunda bendi zilizowaiga mastadi hao neno kwa neno na pozi kwa pozi.

Huenda wangaliishia katika kuiga, lau si amri iliyotoka Ikulu. Kaunda mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, naye hakuona haya kuimba mbele ya mikutano ya hadhara. Katika miaka ya 1970 aliamuru kwamba asilimia 95 ya muziki upigwao katika redio ya taifa uwe wa Kizambia. Amri kama hiyo yaweza kulaumiwa kwa kuwafungia watu masikio, na wako walioilaumu, lakini matokeo yake hayakuwa yale ambayo pengine yalitazamiwa na wazee wa chama tawala. Vijana hawakurudi kwenye ngoma za mababu na kuyatupa magitaa ya umeme. Walichofanya ni kutunga nyimbo zao wenyewe kwa magitaa yale yale, kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na mapigo waliyolelewa nayo yakaingia ndani yake bila ya kualikwa. Palipohitajika nyimbo mia moja za kienyeji redioni, bendi ya vijana kutoka mtaa wa wachimba migodi ilikuwa na haki sawa na kwaya ya kanisa.

Asiyepata kuisikia Zamrock atataka kujua ilivyo. Gitaa la solo hupitishwa katika kidude cha kukanyaga kwa mguu kinachoikwaruza sauti hata ikawa na moshi na ukali. Gitaa la besi hutembea kwa madaha juu ya mapigo ya mviringo ambayo mtu wa Luapula au wa Mashariki ya Zambia huyatambua mara moja. Na mwimbaji, ambaye aghalabu hakusomea kuimba, huzungumza na hadhira yake juu ya mapenzi, ulevi, deni, kifo na upweke wa mjini, kwa maneno mepesi yasiyotafuta fahari. Studio zilikuwa duni, na fedha za kukodi muda zilikuwa chache, kwa hiyo nyimbo nyingi zilirekodiwa kwa haraka na bila marudio mengi. Upungufu huo ndio uliozipa santuri zile hali ya uhai ambayo leo watengenezaji wa muziki wenye mitambo ya mamilioni huihangaikia bila kuipata.

Bendi iliyotangulia mbele ya zote iliitwa WITCH, herufi zilizosimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya kwamba wamekusudia kuzua rabsha. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, alipewa lakabu ya Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger, naye aliistahili, kwani alikuwa akicheza jukwaani na kuruka kutoka juu huku mashabiki wakisukumana milangoni hata polisi wakaitwa kuwazuia. Na maonyesho yao yaliweza kuanza jioni yakaendelea hata baada ya saa sita ya usiku. Wenziwe walikuwa Chris Mbewe na John Muma wa magitaa, Gedeon Mwamulenga wa besi, Boidi Sinkala wa ngoma na Paul Mumba wa kinanda. Santuri yao ndefu ya kwanza, "Introduction", iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, huhesabiwa miongoni mwa za awali kabisa kutolewa na bendi ya Kizambia kwa ajili ya kuuzwa. Kisha mwaka 1975 ukawa mwaka wa neema: WITCH wakatoa "Lazy Bones!!", Amanaz wakatoa "Africa", Musi-O-Tunya wakatoa "Wings of Africa", na Rikki Ililonga, aliyekuwa nguzo ya Musi-O-Tunya, akatoa santuri yake mwenyewe aliyoiita kwa jina la nchi yake. Paul Ngozi na ndugu zake wa bendi walikuwa wakifuata nyuma yao kwa muziki mkali na wa mitaani zaidi kuliko wote.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki ana sehemu yake katika habari hizi, ingawa ni wachache waijuao. Nairobi wakati ule ulikuwa mji wenye studio na mitambo ya kubana santuri iliyoshinda ya majirani wengi, na Wazambia walisafiri kuja huko kama walivyosafiri wanamuziki wa Tanzania na wa Kongo. Musi-O-Tunya waliishi na kufanya kazi Nairobi, na "Wings of Africa" ni tunda la safari hiyo. Baadhi ya santuri ambazo leo husifiwa Ulaya kuwa ni hazina ya Zambia zilipikwa katika mji ule ule uliozipika nyimbo nyingi za dansi ambazo wazee wetu walizichezea.

Lakini mwaka ule ule wa neema ndio uliokuwa mwaka wa msiba. Bei ya shaba, iliyokuwa imepanda sana mapema mwaka 1974, ilianguka kwa zaidi ya nusu kabla ya mwaka 1975 kwisha, ilhali bei ya mafuta ilikuwa imekwisha kupanda. Na nchi iliyotegemea shaba kwa karibu mapato yake yote ya fedha za kigeni ikajikuta haina cha kununulia nyaya za gitaa, vipaza sauti, wala malighafi ya kubania santuri. Njia ya kusini ilikuwa imefungwa tangu Januari 1973, wakati utawala wa Ian Smith wa Rhodesia ulipofunga mpaka, na Zambia ikageuka kutegemea Dar es Salaam, kwa bomba la mafuta la TAZAMA lililokamilika mwaka 1968 na kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka bandarini hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa Uchina na kukabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo iliifungulia nchi njia ya kwenda baharini. Haikuweza kuiokoa bendi ya vijana iliyohitaji amplifaya mpya.

Vita vya ukombozi wa Rhodesia vikaongeza uzito juu ya uzito. Zambia iliwapa hifadhi wapigania uhuru, na kwa sababu hiyo ilishambuliwa kwa ndege na makomando. Kukawa na nyakati za giza na za amri ya kutotembea usiku, nalo ni jambo linaloua dansi kwa pigo moja, maana muziki wa ukumbini hula kutokana na usiku. Bendi zikajaribu kupiga mchana. Watu hawakwenda kwa wingi ule ule, wala hawakuwa na fedha zile zile mifukoni. Hata Alick Nkhata, mzee yule aliyewafungulia njia wote, aliuawa mwaka 1978 katika shambulio la majeshi ya Rhodesia karibu na shamba lake huko Mkushi.

Ukafika tena mtindo, ambao watu hupenda kuutaja kwanza ingawa ulifika baada ya hayo. Disko ilihitaji mtu mmoja na mashine, si watu sita na gari la kubebea vyombo, kwa hiyo wenye kumbi waliipokea kwa furaha. Kaseti ikaja, na kwa kaseti kila mwenye redio ya kunakilia akawa mchapaji wa kazi ya mwenziwe bila kumlipa. Kalindula, muziki wa Luapula uliovishwa magitaa ya umeme, ukapanda na kuteka mapenzi ya wananchi, nao ulistahili. WITCH yenyewe ikageukia disko. Jagari akaondoka, akaenda kusoma muziki katika chuo cha Evelyn Hone mjini Lusaka, akawa mwalimu.

Hayo yote yangeweza kustahimiliwa, kwani fundi aliyekosa kazi leo aweza kuipata kesho maadamu yu hai. Ila katika miaka ya 1980 na 1990 ukaingia UKIMWI, ukaikumba Zambia kwa ukali ambao nchi chache zimeuonja, hata mwanzoni mwa karne hii takriban mtu mzima mmoja katika kila sita alikuwa akiishi na virusi. Maradhi hayo hayakuchagua, lakini watu wa kumbi za usiku na wa safari za mji kwa mji walikuwa karibu zaidi na hatari. Kaburi baada ya kaburi, kizazi kile kilipukutika. Wale wapigaji watano waliosimama na Jagari katika WITCH walifariki wote kabla ya dunia kuwakumbuka, na yeye akabaki peke yake akitafuta riziki yake katika machimbo ya vito. Rikki Ililonga alikuwa amekwisha kuhamia Denmark. Hivyo mnyororo ambao kwa kawaida huunganisha vizazi, yaani mzee kumfundisha kijana kwa mkono na kwa mdomo, ulikatika. Na kijana wa Kitwe wa mwaka 1995 aliweza kumjua kila mwimbaji wa Marekani bila ya kujua kwamba mtaa wake mwenyewe uliwahi kuwa na roki.

Kilichobaki ni santuri. Zilibaki katika mabohari, katika masanduku ya wajane, katika maktaba ya redio, na kwa wageni waliokuwa wamefanya kazi migodini wakaondoka nazo. Katika miaka ya 2000 wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walianza kuzitafuta, na nakala asili zikauzwa kwa mamia ya dola, pengine kupita elfu moja. Wako waliozinakili na kuzitoa upya bila ya kumwuliza mtu, na wako waliofuata njia ya haki. Miongoni mwa hawa wa pili hutajwa Eothen Alapatt wa kampuni ya Now-Again ya Los Angeles, aliyewatafuta waliosalia, akafanya nao mapatano, akatoa kazi za Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya mwaka 2010, na mkusanyo wa santuri za WITCH mwaka 2012, pamoja na maandishi yaliyoeleza nani alipiga nini. Maandishi hayo yasidharauliwe, kwani wimbo usio na jina la mwenyewe ni yatima, na yatima wa sanaa huokotwa na yeyote apitaye.

Baada ya santuri wakafuata watu. Mtengenezaji wa filamu wa Kiitalia, Gio Arlotta, alikwenda Zambia kumtafuta Jagari, na filamu yake ya maisha ya bendi ile ilitoka mwaka 2019. Katika safari hiyo hiyo vijana wa Kiholanzi, akiwamo Jacco Gardner, walijiunga na mzee huyo, naye Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa WITCH ya zama za disko, akarudi kwenye kinanda chake. Kundi hili la watu wa rangi na umri mbalimbali likazunguka Ulaya na Marekani, likapigia umati wa vijana walioweza kuwa wajukuu wa Jagari. Na mwaka 2023 likatoa "Zango", santuri mpya iliyorekodiwa Lusaka, ya kwanza kwa jina la WITCH baada ya karibu miaka 40. Humo mlikuwa na sauti za wanawake wa Zambia, jambo lililokuwa nadra mno katika bendi za miaka ya 1970. Humo pia alikuwamo Sampa the Great, mwimbaji wa rapu mzaliwa wa Zambia aliyelelewa Botswana na kupata umaarufu Australia, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa amekwisha kuwaalika WITCH katika kazi yake mwenyewe. Mwaka 2025 ikafuata santuri nyingine, "Sogolo".

Wako wasemao kwamba ufufuo huu si kamili, na hoja yao ina uzito. Hadhira kubwa ya Zamrock leo iko ughaibuni. Bei ya santuri moja iliyotolewa upya ni sehemu kubwa ya mshahara wa mfanyakazi wa Lusaka. Na sehemu ya faida imebaki mbali na nyumba za marehemu waliozitunga nyimbo zile. Wengine huuliza kama bendi iliyobaki na mtu mmoja wa safu ya asili ni bendi ile ile. Kwa swali hili la mwisho jibu si gumu: muziki wa kizazi haurudi jinsi ulivyokuwa, na wala hapana haja urudi hivyo, bali hurudi ukiwa umeoana na watu wa zama mpya, na Sampa hakuwaiga WITCH bali aliwafanya sehemu ya kauli yake. Kwa malalamiko yale mengine hakuna jibu ila kukiri kuwa ni kweli. Mgeni hakuiba kilichokuwa kimehifadhiwa. Aliokota kilichokuwa kimeachwa, na aokotaye ndiye apangaye bei.

Kwa hiyo funzo linatuhusu sisi tulio upande huu wa reli ya TAZARA kadiri linavyowahusu Wazambia. Katika nyumba za Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, Lubumbashi na Bujumbura zimo santuri na kaseti za bendi ambazo majina ya wapigaji wake yanajuliwa na mzee mmoja au wawili tu, nao umri wao umekwenda. Msomaji mpenzi, ukiwa na santuri hizo usizitupe wala usiziache juani. Zisimamishe wima mahali pakavu, mwulize mzee aliyezinunua nani aliimba, nani alipiga besi, zilirekodiwa wapi na mwaka gani, uyaandike majibu yake na kuyaweka pamoja nazo, kisha umtafute mwenye chombo cha kuzinakili kabla hazijaharibika. Kazi hiyo haihitaji ruzuku ya Serikali wala hisani ya mfadhili wa mbali. Inahitaji kalamu, jioni moja, na mzee ambaye bado yu hai.